Kikombe cha Pembe

Kabla ya vita Maneno bin Abasi hakuwa mtu wa wivu, kwa sababu hakuwa na wa kumwonea. Toka stesheni ya reli mpaka mtoni, mji mzima wa Morogoro, fundi wa kufuli alikuwa yeye peke yake. Kazi alifundishwa Bagamoyo akiwa kijana. Wadachi, yaani Wajerumani, walipojenga reli akaifuata bara kama wengi walivyoifuata, akafungua kibanda jirani na soko. Ukimletea kufuli iliyogoma hakuitazama. Aliiweka sikioni, akaingiza waya, akafumba macho, na kabla hujamaliza kumweleza ilivyoharibika, imefunguka. Watu walipenda kumtazama akifanya hivyo, naye alipenda kutazamwa.

Mkewe aliitwa Pili binti Stambuli, mwenyeji wa Kinole, juu milimani Uluguru. Walikuwa na binti mmoja, Chausiku, aliyekuwa akilelewa na bibi yake huko huko Kinole, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na shamba lake liko kwa mama. Pili alisuka mikeka. Alikuwa mpole wa kusema, na mumewe alizoea kutania kwamba maneno yote ya nyumba ile ameyachukua yeye pamoja na jina.

Vita vilipoingia mwaka wa pili hakuna aliyenunua tena kufuli. Askari walipita vijijini wakikamata wanaume wawe wapagazi wa jeshi, na wengi wa waliokwenda hawakurudi. Kaka yake Pili alichukuliwa shambani, jembe likabaki limelala kwenye tuta. Maneno alishinda ndani ya kibanda amefunga mlango, akisikiliza viatu vya askari njiani.

Ndipo yakaja masanduku. Meli ya Wadachi ilikuwa imepigwa na Waingereza huko pwani ya Tanga, ikazama na shehena yake, na wapiga mbizi wakazitoa risasi baharini sanduku baada ya sanduku. Zikaletwa vichwani mwa watu kupitia Handeni na Turiani mpaka Morogoro. Nyingi zilikuwa zimelowa, baruti imekuwa uji. Wadachi wakatwaa banda la mabati karibu na stesheni, wakatangaza kwamba wanataka mafundi, na kwamba fundi wa banda lile atavaa kibati shingoni, na mwenye kibati hakamatwi kuwa mpagazi. Maneno alikuwa wa kwanza mlangoni.

Msimamizi alikuwa Mdachi mfupi mwenye ndevu nyekundu, aliyekuwa akitengeneza saa kwao kabla hajavaa sare. Watu walimwita Bwana Mizani, kwa kuwa hakuweza kushika kitu asikipime.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila risasi ilivutwa kwa koleo ikatoka kwenye ganda lake la shaba. Baruti iliyolowa ilimwagwa juu ya shuka, ikaanikwa juani. Ganda lilisuguliwa, likatiwa baruti kavu kwa kipimo, kisha risasi ikarudishwa kwenye shingo ya ganda kwa mashine ndogo ya mkono. Unashusha mpini, kijiti cha chuma kinaisukuma risasi, nayo inazama. Hapo ndipo palipokuwa na ufundi, maana kila risasi ilitakiwa izame kiasi kile kile, isipishane na mwenzake hata kwa unene wa ukucha. Ikitokeza mno, bunduki haifungi. Ikizama mno, baruti inabanwa, na bunduki inaweza kumpasukia askari usoni.

Mpimaji alikuwa Yakobo, Mkristo wa Matombo aliyesoma kwa mapadri. Alikuwa na pete ndogo ya chuma na kijiti chenye alama mbili. Pete aliivisha risasi kwenye ncha, ikateremka mpaka ikakwama pale risasi inapoanza kunenepa. Kisha akapima toka kitako cha ganda hadi kwenye pete. Ikiwa kati ya alama mbili, inaingia sandukuni. Ikitoka nje ya alama, inarudi kuvutwa upya.

Mafundi walikuwa kumi na wawili. Wengine katika kila mia walirudishiwa ishirini, thelathini. Maneno alirudishiwa kumi, na siku njema nane. Bwana Mizani akampa meza ya dirishani, penye mwanga, na alipopita nyuma yake alimgusa bega na kusema, "Fundi." Maneno akawa tena mtu wa kutazamwa.

Baadaye wakahitajika watu wa kuanika baruti uani, wakaandikwa wanawake. Pili akaandikwa naye. Kila asubuhi mume na mke walitoka pamoja, wakaachana mlangoni: mume ndani, mke uani. Kazi nyingine ya wanawake ilikuwa kubeba zile risasi zilizokataliwa toka kwa Yakobo mpaka kwa wenye koleo. Kwa hiyo Pili alikaa mara nyingi karibu na Yakobo akingoja kapu lijae, na macho yake hayakuwa na kazi nyingine ila kuitazama ile pete.

Jioni moja, wakiwa wanakula, alisema, "Baba Chausiku, ile pete ya Yakobo haigusi ncha."

"Pete gani?"

"Ya kupimia. Inapita ncha, inakwama chini kwenye tumbo la risasi. Nanyi mashine yenu inasukuma ncha. Na ncha zenyewe zimeumizwa na koleo. Nyingine imepinda, nyingine imekuwa butu. Mkizisukuma zote kwa ncha, tumbo haliwezi kukaa pamoja."

Maneno alimega tonge, akachovya kwenye mlenda. Alisikia vizuri alichoambiwa, na moyoni alijua pale pale kwamba ni kweli. Kilichomuudhi ni kwamba alikuwa ameishika mashine ile miezi miwili, yeye fundi, bila kuliona.

"Mambo ya mezani yaache mezani," alisema. "Wewe angalia baruti isipeperuke."

Pili akakusanya vyombo. Lakini alitafuta kipande cha pembe ya ng'ombe kwa wachinjaji, akakichonga kwa kisu siku tatu, akakisugua kwa mchanga wa mtoni. Kikawa kikombe kidogo sawa na ncha ya kidole, cha kuvalishwa kwenye kile kijiti cha mashine. Ndani yake kilikuwa na shimo. Ncha ya risasi inaingia shimoni bila kuguswa na kitu, na ukingo wa kikombe unaishika risasi begani, pale pale pete ya Yakobo inapokwama. Akamwonyesha Yakobo. Yakobo akamwita Bwana Mizani.

Mdachi alikigeuzageuza kikombe kile, akakichungulia kwa kioo chake cha fundi saa, kile cha kukuzia. "Nani amefanya?"

"Huyu mama, bwana."

"Keti," Bwana Mizani akamwambia Pili, akionyesha kiti kilichokuwa karibu. Kiti kilichokuwa karibu kilikuwa cha Maneno, aliyekuwa amesimama kuchukua maganda.

Pili akaketi. Akavalisha kikombe, akaweka ganda la kwanza, akashusha mpini. Alishusha polepole, akatulia kidogo chini kama mtu anayevuta pumzi, akainua. Risasi mia moja. Yakobo alizipima zote mbele ya banda zima, na hakurudisha hata moja.

"Mia!" Yakobo alipiga kelele, akacheka, na wanawake wa uani wakapiga vigelegele. Hata Bwana Mizani alicheka. Maneno alicheka pia. Alicheka mpaka mashavu yakamuuma.

Toka siku ile meza ya dirishani ilikuwa ya Pili. Maneno alihamishiwa meza ya nne, penye giza la ukuta. Kibati chake kilibaki shingoni, hakuna aliyemgusa, na mtu mwenye akili angeshukuru. Waliokunywa kahawa sokoni walimwita, "Karibu, mume wa fundi!" Yeye akaketi, akanywa, akawajibu kwa utani. Lakini neno hilo lilimganda kooni kama mwiba wa samaki.

Wivu ulimwingia kwa vitu vidogo. Pili alikuwa na tabia ya kuimba puani akifanya kazi, wimbo wa wasuka mikeka wa Kinole. Nyumbani aliuimba miaka yote, na Maneno hakuwahi kuusikia. Sasa aliusikia toka meza ya nne, juu ya kelele za mashine zote. Aligundua kwamba ukikatika, ni kwamba Yakobo amesimama mezani kwake. Alianza kuhesabu mara ngapi Yakobo anasimama. Alijua kabisa kwamba hakuna kitu kati yao. Yakobo alikuwa na mke na watoto Matombo na alikuwa mcha Mungu. Kujua hakukumsaidia. Hakuwa akimwonea wivu Yakobo kwa ajili ya mkewe. Alikuwa akimwonea wivu mkewe kwa ajili ya Yakobo, kwa kuwa zamani Yakobo alisimama meza ya dirishani kuzungumza na Maneno.

Alichukia hata harufu ya nta vidoleni mwa Pili. Alikuwa hajui nta ile ni ya nini, na hakutaka kuuliza.

Mafundi wote walipewa vikombe vya mfano ule, vilivyochongwa na seremala. Waliokuwa wakirudishiwa ishirini wakarudishiwa kumi, na Maneno akafika nne. Nne katika mia! Zamani angeimbiwa. Lakini mezani kwa Pili haikurudi hata moja, siku baada ya siku, na Maneno hakuweza kuelewa. Kikombe kilikuwa kile kile, mashine ile ile. Akajiambia kuna dawa. Akajiambia Yakobo anampendelea. Usiku alilala amempa mgongo, na Pili akauliza kama anaumwa.

"Siumwi," alisema.

Basi ikaja siku ambayo Bwana Mizani alitangaza kwamba mkubwa wa jeshi anakuja kulitazama banda, na kwamba atamwonyesha "yule bibi wa dirishani." Alimletea Pili kanga mpya. Saa sita, watu walipotoka kwenda kuswali na kula, Maneno alibaki nyuma akisema anafunga viatu. Banda likawa tupu. Alikwenda meza ya dirishani, akavua kikombe cha pembe, akatoa mfukoni mwa aproni ile tupa yake nyembamba ya duara aliyokuwa akitengenezea funguo. Akaisugua ndani ya kikombe, mara nne, tano. Pembe ikatoa unga mweupe. Shimo likapanuka kidogo sana, jicho la mtu wa kawaida lisingeona. Lakini sasa kikombe kingeteremka zaidi juu ya risasi kabla ya kuishika, na risasi isingezama inavyotakiwa. Akakirudisha mahali pake, akatoka juani, akala muhogo wake pamoja na wengine.

Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba muhogo ule ulikuwa mtamu.

Mkubwa alikuja saa nane, mrefu, na glavu nyeupe. Bwana Mizani akamsimamisha nyuma ya Pili, akaeleza kwa Kidachi, mikono ikipaa. Pili akashusha mpini. Alipofika chini, Maneno aliona bega lake likikakamaa. Alikuwa amejua. Risasi ya kwanza tu alikuwa amejua. Lakini Bwana Mizani alikwisha kuichukua na kumpa Yakobo, na Yakobo alivisha pete, akapima, akapima tena.

"Imetoka nje, bwana," alisema kwa sauti ndogo.

Ya pili ikatoka nje. Ya tatu ikatoka nje. Mkubwa alisema neno moja la Kidachi, akatazama saa yake, akaondoka. Uso wa Bwana Mizani ulikuwa mwekundu kuliko ndevu zake. Akakinyakua kikombe, akakiweka kwenye kioo.

"Hiki kimekwaruzwa kwa tupa. Hapa. Na hapa. Nani amekwaruza?"

Bwana Mizani akamwita askari aliyekuwa mlangoni, na askari akaja na kiboko chake. Kila mtu bandani alijua kinachofuata: hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, mbele ya watu wote.

Pili alikuwa ameinama. Alipoinua macho hakumtazama mumewe usoni. Alitazama aproni yake, mfukoni, ambapo unga mweupe wa pembe ulikuwa umeshika kwenye kitambaa cheusi kama chokaa. Alitazama pale muda wa kupepesa jicho mara moja, akageuka.

"Mimi, bwana," alisema. "Nilitaka kukilainisha kwa ajili ya mgeni. Nimekosea."

Mwanamke hakupigwa kiboko, amri ndivyo ilivyokuwa. Bwana Mizani alimtukana kwa Kidachi na Kiswahili, akamrudisha uani kwa baruti. Kisha akatazama huku na huku, akakitupa kile kikombe kilichoharibika mezani kwa Maneno. "Wewe. Wewe ni fundi wa kweli. Chonga kingine, rudi dirishani."

Hivyo Maneno akapata alichokitaka. Alichonga kikombe kizuri kuliko cha kwanza, akakisugua mpaka kikang'aa. Akaketi penye mwanga. Akarudishiwa nne katika mia.

Nyumbani alingoja ugomvi. Alijiandaa, alikuwa na majibu ya kila namna. Lakini Pili alipika ugali, akamnawisha mikono, akamweleza kwamba mama yake ameleta habari Chausiku ameota meno ya ukubwani. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu Maneno hakuweza kuvumilia.

"Useme basi!"

"Niseme nini?"

"Unalolijua."

"Ninalolijua unalijua," Pili alisema, akaendelea kuosha sufuria.

Wiki ikapita. Bwana Mizani akaanza kukunja uso. Alitaka kuona mezani pale mia kama zamani. "Mwanamke aliweza," alisema, "na wewe fundi huwezi?" Jioni ile Maneno alirudi nyumbani na maganda thelathini ya kukataliwa, pamoja na risasi zake, kwenye kitambaa, akayamwaga juu ya mkeka mbele ya mkewe.

"Nifundishe," alisema. Neno lilitoka kwa shida, kama jino.

Pili aliyatazama maganda, akamtazama yeye. Kisha akaketi. "Fumba macho. Wewe si unajua kusikiliza kufuli? Chukua risasi, iingize shingoni kwa kidole tu. Hii je?"

"Imebana."

"Na hii?"

"Legevu."

"Ziko za namna mbili. Zilipovutwa shingo zilipanuka, nyingine sana, nyingine kidogo. Iliyobana inairudisha risasi juu kidogo ukiachia mpini. Iliyolegea inaizamisha. Ninyi mnazichanganya, mkono wenu unakutana na kila namna bila kujua. Mimi nazitenga kwanza. Zinazobana nazipaka nta shingoni, kidogo tu, na nikifika chini nangoja. Zilizolegea sizipaki nta, namwachia Yakobo azipeleke kukazwa shingo. Ndiyo yote."

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote. Mkeka nao ni hivyo. Ukichanganya ukindu mpana na mwembamba, upindo unakwenda kombo."

Alimwambia bila hasira, kama anavyomwambia mtu njia ya kisimani. Maneno alijaribu maganda yote thelathini mpaka vidole vikajua. Kisha akatoka nje akasimama penye kitalu cha bamia, na machozi yakamtoka kwa hasira. Pili angemtukana, yeye angekuwa amepumua. Angemficha ufundi ule, angekuwa na la kumlaumu. Sasa mkewe alikuwa amemshinda mezani, amemshinda kwa kumkinga mbele ya Bwana Mizani, na amemshinda tena kwa kumfundisha. Hakumwachia hata pembe moja ya kusimama.

Kesho yake mia, hakuna iliyorudi. Na kesho kutwa. Bwana Mizani akamgusa bega. "Nilijua," alisema. "Yule mwanamke alibahatisha tu. Kazi ya chuma ni ya mwanamume."

Watu wa kahawa waliacha kumtania. Yakobo alikuwa akipima risasi zake, anaziweka sandukuni, haongei. Siku moja tu alisema, bila kuinua macho, "Ule unga mweupe na mimi niliuona, bwana Maneno." Akaendelea kupima.

Wengine walisema baadaye kwamba Maneno alitubu. Mwenyewe hakulikubali neno hilo. Alisema alichoka kuwa chini. Pili alikuwa amefanya jambo kubwa na yeye dogo, na kila siku aliyokaa kwenye kiti kile, lile kubwa lilizidi kukua. Alitaka naye awe na lake.

Jumatatu asubuhi, watu wamepanga mstari kuitwa majina, alitoka mstarini.

"Bwana, kikombe nilikikwaruza mimi. Mke wangu hakukigusa. Na kazi hii ninayoifanya sasa ni yake, amenifundisha yeye, mimi sikuijua."

Bwana Mizani alimkaribia. "Kwa nini unasema leo?"

"Kwa sababu yeye hakusema," Maneno alijibu.

Akalazwa pale pale. Alihesabu mpaka kumi na saba, kisha akaacha kuhesabu. Kibati kilivuliwa shingoni, ikaandikwa kwamba akipona aende na wapagazi. Pili aliletwa toka uani akaketishwa dirishani, mikono bado ina vumbi la baruti, na wanawake wenziwe wakambeba mumewe nyumbani kwenye mkeka.

Pili alipofika jioni alimkuta amelala kifudifudi. Alichemsha maji ya chumvi, akaanza kumkanda. Maneno alingoja asifiwe. Hakika alingoja.

"Mjinga," Pili alisema. Ilikuwa mara ya kwanza miaka yote ile kumsikia amepandisha sauti. "Mjinga wewe! Kaka yangu wamemchukua, sijui kama yu hai. Niliona kiboko, nikaona na kile kibati, nikasema heri nionekane mimi mpumbavu, mgongo wako ubaki mzima na usiende kufia maporini. Nimekaa na aibu ile wiki nne. Leo umekwenda umeitupa kama maganda ya muhogo. Kwa ajili ya nini? Uonekane nawe?"

"Sikutaka jina lako..."

"Jina langu lilikuwa langu nilitumie nitakavyo!"

Alimkanda huku akilia, na mkono haukuwa mwepesi. Maneno aliuma mkeka. Ajabu ni kwamba katika maumivu yale alipata nafuu moja. Hatimaye walikuwa wanagombana.

Mgongo ulikataa kupona upesi. Vidonda vilitunga usaha, na kila mara askari wa kukusanya wapagazi alipokuja kumtazama, alikunja pua akaondoka. Ndivyo alivyookoka, wala hakupanga. Pili alifanya kazi dirishani masika yote mpaka kipupwe. Maneno alikaa mlangoni, akimwona anakwenda asubuhi na kurudi jioni na harufu ya nta, na kila jioni alitaka kuuliza ngapi zimerudi, na kila jioni hakuuliza, kwa kuwa alijua.

Mwezi wa Agosti Waingereza wakakaribia. Mji ulijaa majeruhi na ng'ombe na magari ya kukokotwa. Siku ambayo Bwana Mizani aliwaambia wafanyakazi waondoke, Pili alirudi kabla ya adhuhuri, akafunga chungu na mkeka na nguo kwenye bunda moja, na wakashika njia ya Kinole, yeye mbele na bunda kichwani, Maneno nyuma na fimbo, kwa kuwa mgongo ulikuwa bado haubebi kitu.

Walikuwa wamefika juu, pale njia inapopinda na mji unaonekana chini wote, waliposikia mlio. Kisha wa pili, na mwingine, mfululizo. Wadachi walikuwa wanalipua kile wasichoweza kubeba. Bati la banda liliruka kama jani, na moshi mweupe wa baruti ukapanda ukakutana na ukungu wa mlima.

Pili alitua bunda. Akasimama, akatazama, na akalia. Hakulia kwa kelele. Machozi yalimiminika tu, mabega yakitikisika, mikono imeshikana kifuani. Maneno alimtazama, na yule mdudu wa wivu aliyemzoea akamuuma tena palepale. Hakuwahi kuliliwa hivi yeye. Hata siku ya kiboko, mkewe alilia kwa hasira.

"Unalilia meza?" aliuliza.

"Nalilia kazi," Pili alisema. Alijifuta kwa upindo wa kanga. "Najua ilikuwa ya kuua watu. Huenda hata kaka yangu ameuawa na moja kama hizo, ya upande mwingine. Lakini sikuwahi kukifanya kitu kikatoka kama nilivyotaka, kila siku, vyote. Wewe ulikuwa nacho miaka na miaka. Hukuwahi kukililia?"

Maneno alifikiri. Angeweza kudanganya.

"Nilikuwa mzuri," alisema. "Kama wewe sikuwahi kuwa. Na bado inaniuma, Mama Chausiku. Hata sasa hivi."

"Najua," Pili alisema. Aliinama kuchukua bunda, na Maneno akaushika ukingo mmoja, mgongo ukimchoma, akamsaidia kulipandisha kichwani.

Kinole walikaa mpaka vita vikaisha, na baada ya hapo wakabaki huko huko. Maneno alilima ardhi ya ukoo wa mkewe kama mkwe, akipangiwa na wajomba wa binti yake. Kaka yake Pili hakurudi. Yakobo alipita mara moja akielekea Matombo, akala nao, na Pili alicheka naye sana. Maneno aliketi pale pale, hakuondoka, na mgeni alipoaga, alimsindikiza mpaka mtoni.